Waliokuwa watoto mabomu yalipoanguka London: kwa nini kila mmoja anakumbuka vita yake

Mama yangu mdogo alikuwa na miaka saba mwaka 1979, nao walikuwa wakiishi Mwanza. Kila anaposimulia vita vya Kagera huanza na maneno yaleyale: "Zilikuja ndege tatu." Nilikua nikiziona hizo ndege kichwani mwangu, zimejipanga juu ya ziwa. Baadaye nikasoma kwamba mwishoni mwa Machi mwaka ule ni ndege moja ya Libya, aina ya Tupolev Tu-22, iliyotumwa kuipiga Mwanza kumnusuru Idi Amin, ikaukosa mji kabisa, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane. Waliokufa ni swala. Siku moja, kwenye shughuli ya kifamilia, mama mdogo aliposema "ndege tatu" nikamrekebisha mbele ya wageni. Alininyamazia. Hakusimulia tena kwa muda mrefu.

Nilikosea, na imenichukua miaka kuelewa nilikosea wapi hasa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kumsikiliza kana kwamba alikuwa askari wa rada, ilhali alikuwa mtoto wa miaka saba ndani ya nyumba ya mama yake. Kumbukumbu ya mtoto aliyepitia mabomu ina sheria zake. Ukizijua, mambo mengi yanayoonekana kama uongo au chumvi yananyooka. Mji uliotuachia ushahidi mwingi wa jambo hili ni London, kwa sababu maelfu ya watu waliokuwa watoto huko miaka ya 1939 hadi 1945 waliandika au kurekodiwa wakieleza walichokiona. Kwa hiyo tuanzie huko.

Jambo la kwanza linalomchanganya msikilizaji ni kwamba watoto wa mtaa mmoja wa London wanasimulia kana kwamba walikuwa kwenye vita tofauti. Mmoja anakumbuka ng'ombe, matope na nyumba ya watu asiowajua. Mwingine anakumbuka handaki lenye maji. Wa tatu anakumbuka ukimya. Wote wanasema kweli.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla Uingereza haijatangaza vita, serikali ilianza kuwahamisha watoto kutoka miji mikubwa kwenda mashambani. Ndani ya siku chache watu karibu milioni moja na nusu walikuwa wamesafirishwa: wanafunzi, walimu, akina mama wenye watoto wachanga. Mtoto alivalishwa kikaratasi chenye jina lake, akapewa kisanduku cha barakoa ya gesi, akapandishwa treni. Huko alikofika, mara nyingi watoto walipangwa kwenye ukumbi na wenyeji wakapita wakichagua. Wazee wengi wa leo, ukiwauliza kuhusu vita, jambo la kwanza wanalolitaja ni kubaki wa mwisho ukumbini bila mtu wa kuwachukua. Kwa mtoto huyo, hiyo ndiyo vita. Bomu hakuliona.

Miezi ikapita bila mashambulizi, na kufikia Januari 1940 watoto wengi walikuwa wamerudishwa nyumbani. Ndipo tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilipokuja mchana kweupe na kupiga bandari na mitaa ya mashariki ya London. Watu zaidi ya 400 walikufa siku hiyo na usiku wake. Kuanzia hapo mji ulipigwa karibu kila usiku kwa takriban miezi miwili, na mashambulizi makubwa yakaendelea hadi Mei 1941. Raia wapatao 43,000 waliuawa nchini Uingereza katika kipindi hicho, karibu nusu yao wakiwa wa London.

Bandarini kulikuwa na maghala ya sukari, pilipili manga, mbao, mpira na pombe. Vyote viliwaka. Moshi wa pilipili uliwachoma macho wazima moto, sukari iliyoyeyuka ikaelea majini ikiwa inawaka. Mtoto wa mitaa ile anapokuambia vita vilinukia sukari iliyoungua, usidhani anapamba maneno. Harufu ni kitu cha mwisho kumtoka mtu, na hii ilikuwepo kweli.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa ndipo penye mafundo mengi.

Ving'ora viliinuka na kushuka kutoa onyo, kisha hatari ilipopita vikatoa mlio mmoja uliotulia. Mwili wa mtoto ulijifunza tofauti hiyo kabla akili yake haijajua kusoma saa. Wapo waliozeeka ambao wakisikia king'ora cha majaribio, miguu huwa imeshaanza kutafuta mlango. Lakini ukimuuliza mtoto wa 1940 mabomu yalilia vipi, mara nyingi atakueleza kishindo cha mfululizo, cha kutikisa vyombo kabatini, usiku kucha. Sehemu kubwa ya kishindo hicho haikuwa ya mabomu ya Wajerumani. Ilikuwa mizinga ya Waingereza wenyewe. Tarehe 11 Septemba 1940 Jenerali Frederick Pile, aliyesimamia mizinga ya kutungulia ndege, aliamuru ipigwe kwa nguvu zote hata pale ambapo walenga shabaha hawakuiona ndege. Iliangusha ndege chache sana. Lakini watu waliokuwa wamelala siku nne wakisikia ndege za adui tu bila majibu walijisikia wanalindwa. Mtoto aliyekuwa handakini hakuwa na njia ya kutenganisha mlio wa mzinga wa kwao na mlio wa bomu la adui. Vyote aliviweka kwenye kapu moja, akalipa kapu jina la bomu.

Na asubuhi watoto hao hao walitoka barabarani kuokota vipande vya chuma. Vingine vilikuwa bado vya moto. Walivipeleka shuleni mifukoni, wakabadilishana kama sisi tulivyobadilishana gololi, kipande chenye maandishi au chenye ncha ya shaba kikawa na thamani zaidi. Vingi kati ya vipande hivyo vilitoka kwenye makombora ya mizinga ya kwao, vilivyopasuka angani na kurudi chini. Mzee anaposema, "Nilikuwa na kipande cha bomu la Mjerumani," huenda kilikuwa cha Mwingereza. Kilichobaki kweli ni uzito wake mfukoni na joto lake kwenye kiganja.

Mtoto wa 1944 alikuta vita vingine kabisa. Kuanzia tarehe 13 Juni mwaka huo London ilianza kupigwa na V-1, bomu lenye mabawa na injini, lisilo na rubani. Lilikuja likinguruma kama pikipiki mbovu, kisha injini ikazima. Sekunde chache za ukimya, halafu mlipuko. Mtoto alijifunza kuogopa kunyamaza. Alilala chini na kuhesabu. Muungurumo ukiendelea kupita juu ya paa, aliyepumua alijua kwamba mtu mwingine, mtaa mwingine, ndiye atakayepigwa, na wapo ambao hadi uzeeni wanabeba aibu ya kuomba lisizime hapa. Septemba ya mwaka huohuo ikafuata V-2, roketi iliyoruka kwa kasi kuliko sauti. Hii haikuwa na king'ora wala muungurumo. Ulisikia mlipuko kwanza, kisha mngurumo wa ujio wake ukafuata nyuma, mambo yakiwa kinyumenyume. Kwa hiyo mmoja akisema "tulikuwa tukisikia king'ora tunakimbia" na ndugu yake mdogo akisema "hakukuwa na onyo lolote," usiwapatanishe kwa kumwambia mmoja kasahau. Waulize miaka yao ya kuzaliwa.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Handaki la Anderson lilikuwa mabati yenye mawimbi yaliyofukiwa nusu ardhini na kufunikwa udongo. Waliokuwa na kipato cha chini ya pauni 250 kwa mwaka walipewa bure. Liliokoa watu wengi, na lilijaa maji ya mvua, likanuka udongo, ukungu na ndoo ya choo. Lakini ili uwe na handaki hilo ulihitaji uwanja. Familia za mashariki ya London zilizobanana kwenye vyumba vya kupanga hazikuwa na uwanja, na hao ndio waliokuwa karibu na bandari. Ndiyo maana walishuka kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Serikali hapo mwanzo haikutaka. Watu walikata tiketi ya bei ndogo, wakashuka, wakakaa. Mwishoni mwa Septemba 1940 walihesabiwa watu 177,000 waliolala vituoni kwa usiku mmoja. Mtoto wa mwenye bustani anakumbuka baridi na konokono. Mtoto wa mpangaji anakumbuka joto la watu, upepo wa treni ya mwisho, na miguu ya wageni ikipita karibu na kichwa chake. Tofauti ya kumbukumbu hapa ni tofauti ya kipato, na nadhani hili husemwa kidogo mno.

Kuna kumbukumbu nyingine ambayo inashangaza: hofu ya kitu ambacho hakikutokea kamwe. Serikali iligawa barakoa za gesi mamilioni kwa mamilioni. Za watoto wadogo zilikuwa za rangi nyekundu na buluu na zikaitwa za Mickey Mouse ili wasizikatae. Shuleni walifanya mazoezi ya kuzivaa, mpira ukiwabana mashavu, kioo kikishika ukungu, na watundu wakagundua kwamba ukipuliza kwa nguvu inatoa mlio wa aibu. Gesi ya sumu haikudondoshwa Uingereza hata siku moja. Hata hivyo harufu ya ule mpira inatajwa na wazee wengi. Mwili wa mtoto ulijiandaa kwa kifo kimoja kila siku, na maandalizi hayo yakawa tukio lenyewe.

Mwaka 1941 Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, na mwenzake Dorothy Burlingham walikuwa wakiendesha vituo vya kulelea watoto wa vita huko Hampstead, kaskazini mwa London. Walikuwa na nafasi ya kuwaangalia watoto siku baada ya siku. Waliyoyaona yaliwagutusha watu wengi: mtoto mdogo aliyepitia mabomu akiwa mikononi mwa mama aliyetulia mara nyingi hakuonyesha madhara waliyoyatarajia, ilhali mtoto aliyetenganishwa na mama yake kwa usalama wake aliumia kwa kina. Tena mtoto alisoma bomu kwenye uso wa mama. Mama akitetemeka, mtoto alitetemeka. Mama akiendelea kusuka au kuimba, mtoto alisinzia. Hapa ndipo ninapomuelewa mama yangu mdogo. Mtoto hakuwa na anga ya kuitazama. Alikuwa na uso wa mtu mmoja, na vita vyote vilipita kwenye uso huo.

Je, basi tuamini kumbukumbu hizo au tusiziamini?

Mwanasaikolojia Ulric Neisser alikuwa na miaka 12, kesho yake akitimiza 13, ndege za Japani ziliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, tarehe 7 Desemba 1941. Kwa miaka mingi alikumbuka wazi kwamba alikuwa sebuleni akisikiliza mechi ya besiboli redioni, ndipo matangazo yakakatizwa. Siku moja akashtuka: besiboli haichezwi Desemba. Yeye mwenyewe, mtaalamu wa kumbukumbu, alikuwa amebeba kosa hilo miaka yote hiyo. Kisha watafiti wengine wakaonyesha kwamba siku hiyo redio ilitangaza kweli mechi, ila ilikuwa ya mpira wa miguu wa Kimarekani, na timu zote mbili zilikuwa na majina yaleyale ya timu za besiboli, Giants na Dodgers. Kwa hiyo sebule ilikuwepo, redio ilikuwepo, mechi ilikuwepo, kukatizwa kulikuwepo. Aina ya mchezo tu ndiyo iliyoteleza.

Huko Denmark, Dorthe Berntsen na Dorthe Thomsen waliwauliza wazee kuhusu siku nchi yao ilipovamiwa, tarehe 9 Aprili 1940, na siku ilipokombolewa, Mei 1945. Wakawauliza mambo yanayoweza kukaguliwa: hali ya hewa ilikuwaje, ilikuwa siku gani ya wiki. Kisha wakalinganisha na rekodi. Baada ya miaka 60 wengi walipatia kwa kiwango ambacho wasingeweza kukifikia kwa kubahatisha, na waliokuwa na uhusiano na harakati za upinzani walikumbuka kwa usahihi zaidi. Kumbukumbu ya zamani si takataka. Ni kama nyumba ya udongo iliyokarabatiwa mara nyingi: nguzo ni zilezile za mwanzo, ukuta huu ni wa juzi.

Mfano mgumu kuliko yote ni Dresden. Mji huo wa Ujerumani ulipigwa kuanzia usiku wa tarehe 13 Februari 1945, siku ya sherehe za kabla ya Kwaresima, na watoto wengine walikimbia moto wakiwa bado na mavazi ya sherehe. Walionusurika wengi wamesema kwamba baadaye ndege ziliruka chini na kuwamiminia risasi watu waliokimbilia kando ya mto Elbe. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji huo mwaka 2004 ilitafuta kwenye kumbukumbu za kijeshi na hata ardhini, na ripoti yake ya 2010 haikupata uthibitisho wa mashambulizi hayo. Tume hiyo pia ilihitimisha kwamba waliokufa walikuwa si zaidi ya watu 25,000, wakati propaganda ya Wanazi ilikuwa imeeneza idadi ya 200,000 kwa kuongeza sifuri tu. Mmoja wa waliotangulia kuutilia shaka usimulizi huo wa risasi, Götz Bergander, alikuwa kijana wa Dresden mwenyewe na alikuwa mjini siku hizo. Hilo linanigusa. Alisikia milipuko ileile, kisha akaenda kukagua.

Ila usikimbilie kusema kila anayeikumbuka ndege iliyoruka chini amedanganyika. Tarehe 20 Januari 1943, mchana, wakati wa chakula, ndege ya Kijerumani iliruka chini juu ya Catford, kusini-mashariki mwa London, na kudondosha bomu juu ya shule ya Sandhurst Road. Watoto 38 na wafanyakazi sita wa shule waliuawa. Ndege ilionekana na watu waziwazi. Usimulizi unaofanana na ule wa Elbe, huku umesimama juu ya jambo lililotokea. Kwa kusikiliza peke yake huwezi kutofautisha; sauti ya mzee ina uhakika uleule kotekote.

Na wakati mwingine ni nyaraka zinazosema uongo, na mtoto ndiye aliyesema kweli. Tarehe 3 Machi 1943 king'ora kililia huko Bethnal Green, mashariki mwa London, na watu wakaanza kushuka kwenye kituo cha treni walichokitumia kujificha. Ghafla kutoka bustani ya umma ya jirani zikafyatuliwa roketi za aina mpya za kutungulia ndege, kwa mlio ambao watu hawakuujua. Watu wakasukumana. Kwenye ngazi zenye taa moja hafifu na zisizo na cha kushikilia katikati, mwanamke aliyebeba mtoto alianguka, wa nyuma wakaanguka juu yake. Ndani ya muda mfupi watu 173 walikufa kwa kukosa hewa, 62 kati yao watoto. Hakuna bomu lililoanguka pale usiku huo. Magazeti hayakuruhusiwa kutaja mahali, ripoti ya uchunguzi ikafichwa hadi vita vilipokaribia kwisha, na walionusurika wakaelekezwa wasiseme. Sasa mfikirie mtoto aliyetolewa kwenye lundo lile akiwa hai. Alijua jambo ambalo halikuelezwa wazi popote.  Na huko Canning Town, karibu na bandari ya London, Septemba 1940, familia zilizopoteza nyumba ziliwekwa kwenye shule zikisubiri mabasi ambayo hayakufika, na shule ikapigwa. Takwimu rasmi ikabaki chini ya watu 80. Wakazi hadi leo hutaja mamia, na wanaosema hivyo si wapumbavu: walijua ni nani walioingia pale na ni nani walioonekana tena.

Kwa hiyo nimejifunza kuuliza kwa namna nyingine. Idadi ya ndege, tarehe, nia ya rubani, hayo yanatafutwa kwenye makaratasi, na makaratasi nayo yanahojiwa. Kwa aliyekuwa mtoto, ulizia alichokuwa nacho karibu: ulilala na nani, mikono ya mama ilikuwa ikifanya nini, ulikuwa umevaa nini miguuni, nani alikuambia baadaye kwamba ilikuwa ndege. Swali hilo la mwisho ni la thamani kubwa, kwa sababu hutenganisha alichokisikia mwenyewe na kilichotiwa juu yake na simulizi za watu wazima, redio na maadhimisho ya kila mwaka. Usimkatize. Usimrekebishe mbele ya wageni.

Mwaka jana nilikwenda kwa mama mdogo. Baada ya shikamoo na chai nikamuomba radhi kwa ile siku, kisha nikamuuliza, si ndege zilikuwa ngapi, bali yeye alikuwa wapi.

"Chini ya kitanda cha bibi yako," akasema. "Alitusukuma wote kwa mpigo, akaingia na yeye, na kitanda kilikuwa kifupi. Alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Akaniziba mdomo kwa kiganja nisilie, unga ukaniingia puani. Mpaka leo nikichekecha muhogo nasimama kidogo."

"Na zile ndege, mama mdogo, uliziona?"

"Nizione wapi, mwanangu? Nilikuwa chini ya kitanda. Kilipiga, kikapiga, kikapiga. Nikahesabu."